Aleji ya vumbi na kutafuta ujauzito: niache dawa au niendelee?

Dada wa Kasese
Habari zenu ndugu zangu. Nina aleji ya vumbi: chafya za asubuhi, pua kuziba, macho kuwasha, na kiangazi kikikolea kifua hubana. Natumia setirizini ya miligramu 10, na pua ikizidi kuziba naongeza kapsuli za mafua za duka la dawa. Inhela ya salbutamoli ninayo. Sasa tunatafuta mtoto, na mama mkwe anasema niache dawa zote. Kipi niache, kipi nibaki nacho?

Mfamasia Jinja
Dada, usiache zote. Setirizini haizuii mimba kutungwa. Hiyo na loratadini, 10 mg mara moja kwa siku, zimetumiwa na wajawazito wengi waliofuatiliwa, wala haikuonekana kwamba zinaongeza kasoro kwa watoto. Chagua moja, usimeze zote mbili. Piriton ya 4 mg nayo inakubalika ila inalaza sana, na isizidi 24 mg kwa siku.

Cha kuacha leo ni kapsuli za mafua. Soma nyuma ya pakiti: nyingi zina dawa tatu au nne kwa pamoja, na mojawapo ni fenilefrini au sudoefedrini. Hizi hufungua pua kwa kubana mishipa ya damu, na haziishii puani. Presha inaweza kupanda. Sudoefedrini ikitumika miezi mitatu ya kwanza imehusishwa na kasoro ya nadra ya ukuta wa tumbo la mtoto. Wiki za mwanzo mwanamke hajui kama ameshika mimba, ndiyo maana unaziacha kabla. Vidonge vya kuhesabiwa kwenye bahasha isiyo na jina usivinunue kabisa, kwani huwezi kujua kama ndani mna steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe zinazofanya kazi kama homoni.

Jihadhari pia na sindano ya “kumaliza aleji”, hasa triamsinoloni, ambayo nayo ni steroidi. Hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, huweza kuvuruga hedhi na kuzuia yai kutoka. Kwa anayetafuta mtoto hiyo ni hasara tupu.

Muuguzi wa pua na koo, Kampala
Naongeza kwa sababu vidonge havifungui vizuri pua iliyoziba. Dawa inayofanya kazi hiyo ni steroidi ya kupuliza puani. Budesonidi ndiyo yenye kumbukumbu nyingi zaidi kwa wajawazito, na kinachofika kwenye damu ni kidogo sana. Wengi huitupa kwa kuwa “haifanyi kazi”, kumbe wanaipuliza vibaya au wanaiacha siku ya tatu. Nguvu yake kamili huchukua hadi wiki mbili, kila siku bila kuruka.

Tikisa chupa. Safisha pua kwanza. Inamisha kidevu kidogo, usiangalie dari. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa la kulia, ili ncha ielekee upande wa sikio. Ukielekeza kwenye ukuta wa kati, pua itakauka na kutoka damu. Puliza huku ukivuta hewa polepole. Ukivuta kwa nguvu dawa yote inaishia kooni. Pua ikitulia, punguza hadi kipimo kidogo kinachotosha.

Kabla ya kupuliza, osha pua kwa maji ya chumvi: nusu lita ya maji, kijiko cha chai kimoja cha chumvi kilichosawazishwa, na magadi ya kuokea (baking soda) kidogo ili yasichome. Maji yachemke dakika tatu kisha yapoe. Ya bomba au ya kisima yasiyochemshwa yasiingie puani, kwani yanaweza kuwa na amiba hatari. Yaliyobaki yamwage baada ya siku moja.

Matone ya kufungua pua ya ksilometazolini yaache. Ukiyatumia zaidi ya siku chache, pua huziba upya kwa sababu ya dawa yenyewe.

Dada wa Kasese
Asanteni sana. Na inhela?

Mkunga Arua
Inhela usiiache hata siku moja, dada. Pumu isiyodhibitiwa ndiyo inayomnyima mtoto oksijeni, na huongeza hatari ya kifafa cha mimba na kuzaa kabla ya wakati. Kama unahitaji salbutamoli zaidi ya mara mbili kwa wiki, haitoshi peke yake. Nenda uandikiwe inhela ya steroidi ya kila siku. Sigiri iwashiwe nje, na sakafu ifagiliwe baada ya kunyunyizwa maji.

Jambo moja husahaulika kliniki. Ukifika wiki ya 13 utapewa Fansidar, vidonge vitatu kwa pamoja, kuzuia malaria, na utarudia kila baada ya mwezi au zaidi. Ina salfa. Kama Septrin, ambayo nayo ina salfa, iliwahi kukutoa vipele au kukuvimbisha midomo, mwambie mkunga kabla hujameza, na aandike kwenye kadi yako kwa herufi kubwa. Hutaimeza, utalala ndani ya neti kila usiku na kupimwa malaria homa ikianza tu. Foliki asidi anza sasa, 0.4 mg kwa siku. Ile ya 5 mg hudhoofisha Fansidar.

Na pua ikiziba ukiwa mjamzito bila kuwasha wala chafya, huenda si aleji bali ni homoni za mimba. Hapo setirizini haisaidii. Osha kwa maji ya chumvi, lala kichwa kikiwa juu. Kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili baada ya kujifungua.