Tundu la kupandia paa la zege: zaidi ya kusafishia tanki, lifanye kazi gani?

Mjenzi_wa_Kusini
Wakuu, nyumba ipo Dar, ghorofa moja, paa la zege. Juu ya korido kuna tundu la sm 80 kwa 80 lenye mfuniko wa bati. Hufunguliwa tanki likisafishwa tu. Korido ni giza hata mchana, na usiku vyumba vya juu havilaliki kwa joto. Litasaidiaje bila kuvunja zege?

Fundi_Engo
Anza na joto, mkuu. Hewa ya moto hupanda ikajikusanya chini ya zege, hapo hapo penye tundu. Chomelea fremu ya engo (chuma cha pembe) ya mm 40 juu ya ukingo ifike sm 45. Pande zake weka luva (vibao vilivyoinama vya kupitisha hewa) za alumini, na nyuma yake wavu wa mbu. Mfuniko uzidi fremu kwa sm 10 kila upande, mvua isiingie. Jioni fungua madirisha ya chini na milango ya vyumba. Hili wengi hulisahau: hewa ya baridi isipopata pa kuingilia, ya moto haitoki, hata luva ziwe nzuri vipi. Zege hutoa joto la mchana hadi usiku wa manane, kwa hiyo kufungua kwa muda wa saa moja tu hakutoshi.

Paa_Bapa
Naongeza mwanga. Badala ya bati, funika kwa polikaboneti (karatasi ya plastiki ngumu) ya tabaka mbili, mm 10, nyeupe ya maziwa. Ile angavu msiitumie. Jua letu la utosini litageuza korido kuwa tanuri. Upande wenye kinga ya jua, ulioandikwa kwenye nailoni yake, utazame juu. Ukigeuzwa, karatasi hugeuka njano na kukatika. Matundu ya skrubu yawe mapana kuliko skrubu kwa mm 3 hivi, maana hutanuka kwa joto na ikibanwa hupasuka. Kwa kuwa polikaboneti haimzuii mwizi, weka grili chini yake, kufuli iwe ndani na ufunguo ukae karibu. Moto ukizuka ngazini, hiyo ndiyo njia ya kutokea.

Mama_Kamba
Na nguo je? Funga kapi (gurudumu la kupitishia kamba) kwenye grili, kikapu cha nguo mbichi kipande kwa kamba, wewe upande mikono mitupu. Ngazi ya mita 3 iegemee na mguu wake ukae sm 75 kutoka usawa wa sehemu inapoegemea. Bawaba ziwe upande wa mashariki: kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo upepo utaukandamiza mfuniko badala ya kuung'oa. Ukuta wa ukingoni mwa paa ukiwa chini ya mita 1.1, ongeza reli kabla mtoto yeyote hajapanda.

Mjenzi_wa_Kusini
Asanteni sana. Na bustani ya mboga juu?

Fundi_Engo
Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa hupita kilo 30. Paa la kukanyagwa na watu kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo ndoo nne katika mita moja ya mraba, pamoja na mtu, ni nyingi mno. Zipange kwa mstari juu ya kuta na mihimili, si katikati ya chumba. Kuhusu kuvuja: karatasi ya lami ipande ukingo wa zege angalau sm 15 na kubanwa juu kwa kipande cha alumini. Ikiishia kwenye kona ya chini, maji yataingia hapo hapo.