Uliyewahi kupanda Orvieto, au mji mwingine wa mlimani Italia: kilikukuta nini? Tupeane uzoefu

Mchovya_Mkate (mleta mada)

Wakuu, salaam. Wengi wetu tulioko Ulaya, au tuliopita Roma kwa masomo, hija au kumtembelea ndugu, tumeshapelekwa kwenye ile miji iliyokaa juu ya kilima kama kofia kichwani. Picha zake tumechoka kuziona. Leo nataka yale yasiyoonekana kwenye picha: magoti, njaa, faini, kupotea, kupigwa na butwaa. Naanza mimi.

Nilitoka Roma asubuhi kwenda Orvieto kwa treni ya bei nafuu, safari ya saa moja na kitu. Unashuka stesheni, unainua macho, mwamba umesimama wima kama ukuta na mji wote uko juu yake. Mbele ya stesheni kuna kibehewa cha kupandisha watu kwa kamba ya chuma, wenyewe wanakiita funicolare. Kilipoanza mwaka 1888 kiliendeshwa kwa uzito wa maji: behewa la juu linajazwa, linashuka, linalivuta la chini lipande. Siku hizi ni umeme. Mimi nikajitia ujanja wa kuokoa euro mbili tatu, nikapanda kwa miguu, mwezi wa nane, saa tano na nusu asubuhi. Nilifika juu shati limenigandia mgongoni, na maji niliyonunua kuponya roho yalikula ile akiba yote.

Halafu kanisa. Unatembea kwenye vichochoro vya jiwe la rangi ya asali iliyochafuka, huoni kitu, unakata kona, na Duomo, yaani kanisa kuu la mji, linakujia usoni lote kwa mpigo. Ubavuni mistari myeusi na myeupe kama kanga ya kale, mbele dhahabu na nakshi kutoka chini hadi juu. Waliliwekea msingi mwaka 1290 na waliendelea kulijenga kwa karne kadhaa. Nikapiga picha, nikala, nikaondoka saa tisa kuwahi treni.

Kosa kubwa. Uso wa kanisa lile unatazama magharibi. Mwenzangu aliyelala kule alinitumia picha ya saa moja kasoro jioni, dhahabu yote inawaka kama jiko la mkaa lililopepewa, na uwanja mtupu, watalii wa siku moja wamekwisha shuka. Picha zangu ni za kivulini, na kila moja ina fimbo ya kujipigia picha ya mtu mwingine. Tangu hapo msimamo wangu ni mmoja: usipolala kwenye mji wa mlimani, hujaufika. Anayepinga aje.

Kijana_wa_Malindi

Sipingi, naongeza. Mimi Kiitaliano sikujifunzia darasani, nilikiokota ufukweni Malindi nikitembeza wageni, kama vijana wengi wa kwetu. Nilipofika Orvieto na familia ya mke wangu nikaingia duka la mkate, nikanunua, nikauma, hamna chumvi hata chembe. Nikamwambia mama muuzaji kwa adabu zote, "Signora, leo mmesahau chumvi." Akacheka mpaka akashika kaunta. Mkate wa Umbria, mkoa ilipo Orvieto, ndivyo ulivyo, hautiwi chumvi. Akanipa hadithi ya Papa aliyepandisha kodi ya chumvi na watu wa mji wa Perugia, huko huko Umbria, wakaasi mwaka 1540. Vita hivyo vilikuwepo kweli, ila kama ndivyo vilivyoondoa chumvi kwenye mkate, wenyewe wanabishana. Alinikatia kipande cha jibini kali nile nacho, na hapo nikaelewa: mkate ule ni kama ugali, unangoja kitoweo.

Kisha akaniuliza Kiitaliano changu ni cha mkoa gani. Nikamjibu, cha Malindi. Akamwita mumewe kutoka jikoni! Mzee alishakuja Malindi likizo mara mbili. Nilitoka pale na mikate mitatu ya bure, yote haina chumvi.

Punda_hana_shukurani

Mimi ni mtu wa Lamu, kwa hivyo vichochoro havikunitisha. Kilichonikalisha chini ni kisima, Pozzo di San Patrizio, hatua chache tu kutoka pale funicolare inapokuteremsha.

Mwaka 1527 askari wa mfalme Karolo wa Tano waliivamia na kuipora Roma. Papa Klementi wa Saba alifungiwa ngomeni kwa miezi, mwishowe akatoroka na kukimbilia Orvieto. Mwamba ule adui haupandi kirahisi. Lakini akizunguka chini na kukaa, walioko juu watakunywa nini? Basi Papa akamwagiza fundi Antonio da Sangallo achimbe kisima. Kilikamilika 1537, Papa mwenyewe alishafariki miaka mitatu nyuma, kiu yake haikuwahi kukihitaji.

Sasa sikilizeni ufundi. Kina kinapita mita 50. Kuzunguka shimo kuna ngazi mbili zilizosokotana kama nyuzi za kamba, kila moja vipandio 248, na haziungani mpaka chini kabisa kwenye kidaraja cha majini. Nyumbu wa maji anashuka kwa hii, anapakia, anapanda kwa ile, anatokea mlango mwingine. Hakuna kupishana.

Mtu wa bara ataona ni hesabu nzuri tu. Mimi nilisimama kwenye dirisha moja kati ya yale 70 yanayoingiza mwanga nikawaza asubuhi za kwetu: punda wa mawe anatoka, punda wa mchanga anaingia, kichochoro upana wa mabega mawili, wenye punda wanatukanana, hakuna anayerudi nyuma, na mimi na sare ya shule nimebanwa ukutani. Ningemjua huyo Sangallo ningemwombea likizo aje Lamu wiki moja.

Vipandio ni vipana na vifupi kwa ajili ya kwato, kwa hivyo kushuka ni raha. Kupanda, mwombe Mungu.

Njaa_Kali

Mkuu, viingilio vipi? Usije ukatupeleka tukaishia kutazama milango.

Punda_hana_shukurani

Kuna kadi ya pamoja, Carta Unica, inaingiza sehemu nyingi. Ulizia ukishafika, bei hubadilika. Kutembea vichochoroni na kutazama mabonde ni bure. Kahawa inywe umesimama kaunta, ukiketi mezani bei inapanda.

Mama_Safari_Nairobi

Hebu niwaonye wenye magari. Mimi naishi Ujerumani, tulikodi gari kuzunguka miji ya Umbria na Toscana. Kwenye mji mmoja, siutaji, ramani ya simu ikaniambia kata kushoto, nikakata. Nikaona kibao cheupe chenye duara jekundu na maandishi marefu, nikadhani ni mambo ya maegesho. Nikazunguka, nikapotea, nikapita palepale tena. Miezi saba baadaye barua ikaja nyumbani: faini. Wiki mbili mbele, barua ya pili. Kila kupita ni kosa lake, kamera haina huruma, na waliotukodisha gari nao wakakata ada yao ya kupeleka jina langu kwa wakubwa.

Herufi za kukariri ni ZTL, eneo ambalo magari ya wageni hayaruhusiwi. Miji mingi ya zamani inalo. Acheni gari chini ya kilima. Orvieto nilikwenda safari iliyofuata, kwa treni, roho kwatu.

Sista_wa_Kusini

Tumsifu Yesu Kristo. Nilisoma Roma miaka minne, na mwaka wa pili masista wenzangu walinipeleka Orvieto kwa sherehe ya Ekaristi. Wanaandamana na kitambaa cha altare kinachotunzwa katika Duomo. Mapokeo yanasema mwaka 1263, kule Bolsena, padre mwenye mashaka alipokuwa akiadhimisha misa hostia ilitoka damu ikakidondokea. Mwaka uliofuata Papa Urbano wa Nne, akiwa Orvieto, aliagiza sikukuu ya Mwili wa Kristo iadhimishwe na Kanisa lote. Mimi nimeisherehekea tangu utoto kwa kutandaza maua barabarani bila kujua ilitoka wapi. Niliposimama pale nilikumbuka harufu ya maua yaliyokanyagwa, nikalia kidogo. Masista wakadhani ni jua.

Ndani msipitwe na kanisa dogo la San Brizio, ambalo Luca Signorelli alilichora kuanzia 1499 hadi 1504. Ni siku ya mwisho: wafu wanajinasua ardhini kama mtu anayetoka kwenye tope, na mashetani wana rangi ya kijani na zambarau, rangi ya nyama iliyolala. Mchoraji amejichora pembeni, kavaa nyeusi, anatutazama tu. Sista mmoja mzee alininong'oneza, "Huyo ndiye mkaguzi."

Fundi_Bomba

Chini ya mji je, hamkwenda? Mwamba wote umetobolewa mapango, tangu enzi za Waetruski waliokuwepo kabla ya Warumi. Mengine kuta zake zimejaa vishimo vya mraba, mamia kwa mamia, nyumba za njiwa. Njiwa hutoka kwenye tundu la ukingoni, hujitafutia bondeni, hurudi jioni kulala, na mwenye nyumba anashuka tu kuchukua kitoweo. Kuku wa kienyeji anayejilisha mwenyewe! Mpaka leo mikahawa ya kule inapika njiwa. Nyama kidogo, mifupa tele, lakini mchuzi wake mkuu, acha.

Binti_Makete

Nimesoma habari ya kisima nikacheka peke yangu. Mama yangu alikuja kunitembelea nikiwa nasoma Perugia, nikampeleka. Nilitaka abaki juu kwa ajili ya magoti, akakataa, akanitangulia. Anashuka ameshika ukuta, anahesabu kwa sauti. Huyu ni mtu aliyebeba ndoo kichwani kutoka bondeni kwa zaidi ya miaka 30, asubuhi na jioni.

Tulipofika chini akainama kwenye kidaraja kutazama maji. Yamejaa sarafu, watalii hutupa wakiomba bahati.

"Haya maji wanakunywa?"

Nikamwambia siku hizi hapana, mama, yako mabomba.

"Na zamani walikuwa wanayapandisha huku kote kwa mnyama?"

"Ndiyo, mama. Nyumbu."

Akakaa kimya, akatazama juu, mwanga umekuwa duara dogo. Akavua viatu, akavishika mkononi.

"Kumbe wenzetu walimhurumia hata nyumbu," akasema, akaanza kupanda.