Kipimo cha DNA kinasema nina miaka 52 wakati nina 41, naombeni ushauri

Mtulivu41: Wakuu habarini, silali kwa kweli. Nimepima damu kile kipimo cha alama za metili kwenye DNA (vialama vya kikemikali vinavyosaidia kuwasha na kuzima jeni), majibu yamesema mwili wangu una miaka 52. Nasoma kwamba kwenye kansa nako alama hizi huvurugika, nyingine zinapotea. Nitazirudishaje zilizopotea?

Bailojia_Tu: Tulia mkuu. Seli ikigawanyika uzi mpya wa DNA unatoka bila alama, kimeng'enya DNMT1 ndo kinapita kuzinakili kutoka uzi wa zamani, na sehemu za DNA zinazonakiliwa mwishoni hakizimalizi vizuri, kwa hiyo mgawanyiko baada ya mgawanyiko zinapungua, hiyo ipo kwa kila anayezeeka. Kwenye kansa zinapotea zaidi, watafiti Feinberg na Vogelstein waliliona 1983, na hapohapo jeni za kutulinda kama MLH1 zinabandikwa alama zinazimwa. Ila vipimo vya umri kama saa ya Horvath ya 2013 inasoma alama kwenye sehemu 353 za DNA na kukadiria umri, haipimi kansa. Kwani ulipima kwa nini?

MamaWatatu: Umri anaujua Mungu. Baba yangu hakuwahi kupima chochote na kazika madaktari wake.

Kijeba: Mimi sipimi, nikiambiwa 70 watoto watataka urithi.

Bailojia_Tu: Mtulivu hujajibu.

Mtulivu41: Sawa. Naona damu chooni, muda sasa. Lakini ni bawasiri tu, na nimeshaanza foliki asidi (vidonge vya vitamini ya foleti) dozi kubwa maana metili inatokana na foleti, kwa hiyo sijakaa bure.

Bailojia_Tu: Simamisha hiyo dozi mpaka uonane na daktari! Foleti inatumika kutengeneza DNA mpya, seli za uvimbe nazo zinaihitaji, ndo maana dawa ya methotreksati inatibu baadhi ya kansa kwa kuizuia. Na alama haziendi unakotaka wewe, utajuaje hazitui kwenye jeni ya kukulinda?

Mtulivu41: Vidonge nimeshalipia vyote, na ni vitamini tu.

Jicho_Kali: Hii chai. Mtu ana damu chooni anauliza metili? Kesho huyu analeta namba ya kuuzia vidonge.

MamaWatatu: Hata mimi nimehisi.

Mtulivu41: Siuzi kitu dada, naogopa hospitali ndo maana nikaanzia kwenye kipimo.

Bailojia_Tu: Iwe chai isiwe chai, damu chooni inataka kolonoskopi (kamera ya kuangalia ndani ya utumbo mpana), bawasiri na uvimbe vyote vinatoa damu na kwa macho huwezi kutofautisha.

Mtulivu41: Inauma?

Kijeba: Nilifanyiwa mkuu, wanakupa dawa unasinzia. Kazi iko kwenye ile dawa ya kusafisha tumbo kabla, siku hiyo usiende mbali na choo.