Naomba ushauri: mpwa wangu si mwizi, kwa nini anadanganya kwenye gemu?

Mjomba wa Moro
Ndugu wanajamvi, salaam. Ninaishi Morogoro na mpwa wangu wa miaka 16, mtoto ambaye akitumwa dukani hurudisha chenji hadi shilingi mia. Wiki iliyopita nilimkuta amenuna, na baada ya kumdadisi sana akakiri kwamba akaunti yake ya mchezo wa kufyatuliana risasi, ule unaochezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia intaneti, imefungiwa kwa miaka 10 kwa sababu alitumia programu inayomwonyesha maadui waliojificha nyuma ya kuta. Programu hiyo alikuwa akiilipia kila wiki kwa fedha niliyompa ya bando, na sasa ananiomba simu nyingine ili aanze upya. Fedha imeniuma kidogo, lakini kinachoninyima usingizi ni kwamba sielewi kuna raha gani katika kushinda mchezo ambao mwenyewe unajua hukuushinda, tena usio na zawadi yoyote. Naombeni mnieleweshe, kisha mnishauri kuhusu hiyo simu.

Fundi Mitambo
Mkuu, ukijua hila hiyo inavyofanya kazi utamwelewa kijana kwa kiasi fulani. Ili mchezo usikwamekwame, mara nyingi seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha mchezo, hupeleka kwenye simu ya kila mchezaji taarifa za mahali walipo wenzake, hata wale ambao bado hawaonekani, na mchezo wenyewe ndio unaowaficha nyuma ya picha ya ukuta. Programu ya hila husoma tu taarifa ambazo tayari zimo ndani ya simu, na ndiyo maana kijana hajioni kama mtu aliyeiba. Anajiona amefunua kitu kilichokuwa mkononi mwake. Wanaomuuzia wanajua wanachokifanya. Mwaka 2021 polisi wa Kunshan, nchini China, wakisaidiwa na kampuni ya michezo ya Tencent, waliuvunja mtandao wa wauzaji wa programu hizi na kukamata watu 10, na mali zilizozuiliwa, yakiwamo magari ya kifahari, zilikadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 46 hivi. Fedha ya bando lako ilikuwa ikielekea kwa watu wa namna hiyo.

Bi Mkubwa wa Tanga
Fundi, hapo unamtetea. Kama hakuona kosa, mbona alificha mpaka akafungiwa? Mwanangu, ukimnunulia simu leo utakuwa umemlipa kwa kudanganya, na ya tatu ataidai kwa nguvu zaidi.

Nilikuwa Huko
Mimi nilidanganya kwa karibu miaka miwili, kwa hiyo naomba nijibu swali la raha. Sikuanza kwa sababu nilitaka kushinda. Tulikuwa wanne tuliocheza pamoja kila usiku, wenzangu watatu wakanunua programu, madaraja yao yakapanda, nami nikabaki chini hadi wakaanza kuingia mchezoni bila kuniita. Zaidi ya hapo, tulikuwa tumejiaminisha kwamba kila anayetuua naye anatumia hila, na mtandao wetu ulisaidia sana imani hiyo, maana seva zikiwa mbali unaweza kupigwa risasi ukiwa tayari umeshajibanza nyuma ya ukuta, ukaapa kwamba umeonewa kumbe ni taarifa tu zilizochelewa kufika. Raha yenyewe ilidumu wiki moja. Baada ya hapo nilikuwa nikikosa shabaha kwa makusudi ili nisishukiwe, kazi inayochosha kuliko kucheza kwa haki.

Baadaye nilisoma utafiti uliohusu wachezaji zaidi ya milioni 12 wa Steam, jukwaa la mtandaoni la michezo ya kompyuta, ambao zaidi ya 700,000 kati yao walikuwa wametiwa alama ya udanganyifu, na nikajiona humo: wadanganyifu walikuwa na marafiki wadanganyifu, na hila ilisambaa kwa njia ya urafiki. Wala usidhani ni ya wasiojua kucheza. Mwaka 2018, mjini Shanghai, mchezaji wa kulipwa wa timu ya OpTic India alinaswa akitumia programu ya kumlengea shabaha katikati ya mashindano, akafungiwa miaka 5 na timu nzima ikavunjwa. Kabla ya kuamua lolote kuhusu simu, muulize anacheza na nani.

Mjomba wa Moro
Bi Mkubwa, shikamoo, simu sinunui. Ndugu wa mwisho, nimemuuliza kama ulivyonishauri. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akanitajia vijana wanne, mmoja wao ndiye aliyekuwa akipokea malipo ya kila wiki na kuyapeleka kwa muuzaji asiyemjua. Anasema hao wote bado wanacheza kama kawaida na wanamcheka kwamba ni yeye peke yake aliyenaswa, na nadhani hicho ndicho kinachomuuma kuliko akaunti. Fundi, inawezekanaje watu watumie programu ile ile, afungiwe mmoja?

Fundi Mitambo
Inawezekana kabisa, hasa kwa muda. Ipo mifumo ya ulinzi, VAC ya kampuni ya Valve, wenye Steam, ikiwa mmojawapo, ambayo huchelewesha adhabu kwa makusudi ili mtengenezaji wa hila asijue ni lini na kwa njia gani amegunduliwa, kisha hufungia watu wengi kwa mkupuo. Pengine mpwa wako aliripotiwa na mchezaji mwingine, akatangulia. Wale wanne nisingewahesabu kuwa wamepona.