Feni ya bafuni haizimi tangu masika yaanze, nisaidieni

MkaaziMkunazini
Assalaam alaykum ndugu zangu. Bafu letu ghorofa ya pili halina dirisha, limezibwa na ukuta wa jirani. Mama huoga maji ya moto asubuhi na jioni kwa ajili ya viungo vyake, na mvuke hauna pa kutokea. Dari limefanya kawa, mataulo yananuka. Niliweka feni ya kutoa hewa, inchi 4, wati 15, lakini watoto wakawa wanaizima mapema. Nikanunua sensa ya unyevu, nikaipanga iwashe feni ukifika asilimia 80. Kaskazi yote ilikwenda vizuri. Masika yalipoingia, feni inazunguka usiku na mchana. Sensa imekufa? Naogopa na uniti.

FundiWaya_Chake
Waalaykum salaam. Sensa yako nzima. Masika, hewa ya nje peke yake hupita 80 usiku, kwa hiyo feni inatoa hewa mbichi na kuvuta mbichi nyengine. Haitofika pa kuzimia hata ikizunguka wiki. Uniti zisikutishe: wati 15 kwa saa 24 ni uniti 0.36. Linaloumia ni mota.

Weka sensa ya pili ukumbini, halafu ulinganishe. Feni iwake bafu likizidi ukumbi kwa 10, izime tofauti ikishuka hadi 4. Namba mbili zisiwe moja, ama relei, yaani swichi inayoendeshwa na sensa, itakuwa inawasha na kuzima kila dakika. Kabla ya kuzifunga, zilaze pamoja usiku mmoja, maana hizi za bei rahisi hupishana. Ukiona moja inasoma zaidi, ipunguzie kwenye programu.

Na nakuomba sana: relei na waya za umeme mkubwa zikae nje ya bafu, ndani uingie waya wa sensa tu.

Kijana_Wete
Kaka, taima ya dakika 20 ingetosha, ifungwe na swichi ya taa.

MkaaziMkunazini
Nilifikiria, ila taa huwashwa hata mtu akienda kutawadha tu.

BibiWaChokaa
Mwanangu, hewa inaingilia wapi? Mlango ukigusa sakafu, feni haina cha kuvuta. Ukate chini upana wa kidole. Na ukuta huo ni wa mawe na chokaa, mmeupaka nini?

MkaaziMkunazini
Shikamoo bibi. Rangi ya mafuta, mwaka jana.

BibiWaChokaa
Marahaba. Ndiyo maana. Maji yameshaingia ukutani na rangi imeyafungia humo. Ikwangueni, mpige chokaa. Feni haitoi maji yaliyo nyuma ya rangi.

MkaaziMkunazini
Nawashukuru mno. Nimezilaza sensa pamoja jana usiku, ya bafuni inasoma 3 zaidi, nimeshaipunguza. Leo mama alipooga feni iliwaka, ikazima yenyewe baada ya dakika 35. Seremala anakuja Alkhamisi kukata mlango. Rangi tutaikwangua mvua zikipungua.