Ni nani aliyekuhadithia habari zao? Tupeane kumbukumbu za wakubwa wa jazz

Mjukuu wa Kamalondo
Jambo kwenu wote. Niko Lubumbashi. Jumapili iliyopita umeme ulikatika, redio ikazima, na nkambo, yaani babu yangu, akaanza kuniongelea Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa kwetu Katanga. Nimekaa naye nyumba moja miaka 24 bila kujua kwamba aliwahi kuwa na gitaa! Aliliuza ili baba yangu alipiwe masomo. Ndiyo maana nafungua mazungumzo haya. Hao wakubwa, wa jazz ya kwetu na wa Marekani, nani alikuhadithia habari zao? Na katika kuhadithia, siri gani yake mwenyewe ilimponyoka?

Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alipomrekodi Mwenda akipiga wimbo wake «Masanga» kule Jadotville, Likasi ya leo, nkambo alikuwa kijana wa huko huko. Hakuwapo siku ile, anakiri mwenyewe, na kwa sababu hiyo namwamini mengine yote. Anachokumbuka ni vijana wa kambi ya wafanyakazi wakibishana kwamba pale pana magitaa mawili. Kumbe ni mtu mmoja: kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene, cha shahada kinacheza juu kwa mwendo wake. Nkambo alijaribu miezi na miezi. Anasema gumba lake lilikataa kujitegemea, lilimfuata mwenzake kama mtoto anayemfuata mama sokoni. Mwenda alifika hadi tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969, kisha 1990 akafa kwa ajali ya gari nchini Zambia. Kufika hapo nkambo akauliza kama umeme haujarudi.

Mchokozi wa Ruashi
Samahani yaya, mkubwa wangu, hiyo ni rumba na muziki wa gitaa. Jazz ni ya Louis Armstrong wa Marekani.

Mjukuu wa Kamalondo
Kwa wazee wetu jazz ilikuwa orkestra, basi. African Jazz ya Kabasele ilianza 1953, OK Jazz 1956. Hata ng'ambo ya ziwa Tanganyika walikuwa na Morogoro Jazz na Western Jazz. Ukija kumwambia nkambo kwamba OK Jazz si jazz, uje na kofia ya mgodini kichwani.

Mama Katuba
Mimi habari za Franco, yule mpiga gitaa wa OK Jazz, nilizipata jikoni. Mama yangu alikuwa akiuza vitumbula, anaamka saa tisa usiku kukanda unga, nami namshikia taa. Ndipo aliponiambia kwamba mama yake Franco naye aliuza vitumbula, sokoni Léopoldville, Kinshasa ya leo, na mtoto akipiga kigitaa alichojitengenezea kwa kopo na nyaya ili kuvuta wateja. Mama hakujali Franco alikuja kuwa nani baadaye. Yeye alishughulika na yule mwanamke: alikuwa akiuza vingapi kwa siku, mafuta aliyapata wapi, siku za mvua alifanyaje. Majibu sikuwa nayo. Mpaka leo nikisikia wimbo wake «Mario», watu wanacheka yule kijana anayelishwa na mwanamke, mimi nasikia mafuta yakichemka.

Franco alipofariki kule Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, ilitangazwa siku nne za maombolezo nchi nzima. Mama alikaanga kama kawaida. Ila siku hiyo, mara ya kwanza, aliniambia kwamba kabla ya kuolewa alikuwa akitoroka kwenda kucheza dansi, na kwamba baba hajui. Baba sasa ni marehemu, ndiyo maana naandika.

Fundi Redio
Kwetu ilikuwa vita. Baba ni wa Docteur Nico mpiga gitaa, mama ni wa Rochereau mwimbaji. Wale wawili waliondoka pamoja kwa Kabasele mwaka 1963 wakaunda African Fiesta, na 1965 wakaachana. Nyumbani santuri zikagawanywa: za baba kabatini, za mama chini ya kitanda. Baba hakuchoka kuniambia nisikilize gitaa la pili, la Dechaud, kaka yake Nico, maana pasipo yeye Nico angeanguka. Nilikuwa nadhani anasema muziki tu. Baba yangu ni mdogo wa watu watano, na kaka yake mkubwa ndiye aliyemsomesha.

Santuri za kabatini zilichukuliwa na mtangazaji mmoja «kwa wiki moja». Wiki hiyo ina miaka 19. Za chini ya kitanda zipo.

Kijana wa Kenya
Mchokozi, jazz yako hii hapa. Huku Kenya, mtaa wa Lubumbashi na si ile nchi, kuna mzee, fundi wa baiskeli, anayesema alisikia tarumbeta la Louis Armstrong. Nilidhani ni maneno ya munkoyo, ile pombe ya mahindi. Lakini kweli Armstrong alikuja mji huu Novemba 1960, ukiitwa bado Élisabethville, Katanga ikiwa imejitenga tangu Julai. Kabla ya hapo Léopoldville walikuwa wamembeba kwenye kiti, mabegani, kama mfalme.

Tatizo ni kwamba hadithi ya mzee hubadilika. Mara alikaa safu ya mbele, mara alishikwa mkono. Nikambana wakati anaziba pancha, akakiri: alikuwa na miaka 11, hana hela, alisimama nje na wenzake. Tarumbeta lilifika vipande vipande, makofi yakilifunika. Mimi napenda hii ya nje kuliko zile zingine.

Ndiye pia aliyenionyesha kwamba Armstrong alikufa tarehe 6 Julai 1971, siku Franco alipotimiza miaka 33. Ameiandika kwa chaki kwenye mlango wa karakana. Mvua ikifuta, anaandika tena.

Mchokozi wa Ruashi
Nimenyamaza.

Mjukuu wa Kamalondo
Nimemsomea nkambo yote. Anamwambia Mama Katuba kwamba siku za mvua walikaanga nusu. Na anataka kujua karakana ya yule fundi iko upande gani wa Kenya, maana baiskeli yake imelala ukutani tangu mwaka juzi.