Burgman 400, Burgman 650 au nibaki na Boxer 150? Ruti ni Buhongwa–mjini

Mkazi wa Buhongwa
Wakuu, habari za jioni. Kila siku naenda mjini Mwanza na kurudi, na Jumamosi navuka Daraja la JPM kwenda Sengerema kumwona mama. Tangu lifunguliwe Juni 2025 sisubiri tena kivuko, kwa hiyo siku hizi naenda mara nyingi zaidi. Boxer imenitumikia miaka sita bila kinyongo, ila mgongo umechoka, na ukiwa katikati ya daraja upepo wa ziwa unaisukuma pembeni. Nazitazama Burgman, zile skuta kubwa za Suzuki, zilizotumika, kutoka Japani. Mwenye uzoefu huku kwetu kwenye mawe anisaidie.

Mzee wa Pasiansi
Mkuu, ninayo 650, huu mwaka wa nne. Ina silinda mbili, cc 638, na kwenye lami sijapanda kitu kilichotulia kama hiki. Naenda Musoma na kushuka bila kujinyoosha. Kioo cha mbele kinakata upepo na mvua nyingi inapita juu ya kofia. Chini ya kiti zinaingia kofia ngumu mbili. Usiweke samaki humo, joto la injini linapanda. Sato wa soko la Mwaloni mfungie nyuma.

Shida ni uzito. Ikiwa na mafuta inavuka kilo 250. Ukiiegesha pua ikitazama chini mlimani, kuirudisha nyuma peke yako ni kazi ya kutoa jasho. Mimi nina lami hadi getini, ndiyo maana tunaelewana.

Fundi Mabatini
Kabla ya cc, jiulize kuhusu mkanda. Skuta hizi hazina mnyororo kama Boxer; mkanda ndio unaopeleka nguvu ya injini nyuma. Kwenye 400, rola (vipande vidogo vya duara vilivyo ndani ya puli, gurudumu linalobeba mkanda) zinasukumwa nje kadiri injini inavyozunguka, zinabana puli, mkanda unapanda, spidi inaongezeka. Rola zikilika upande mmoja utaona inalia sana mlimani lakini haiendi. Ukinunua iliyotumika, fungua kava la pembeni kwanza. Ukiona nyufa kwenye meno ya mkanda, badilisha siku hiyohiyo.

Pia ukizima injini hakuna gia ya kuishikilia. Kwa vilima vyetu, breki ya kuegeshea lazima ishike. Wengi hawaijaribu wakati wa kununua.

Mama Kirumba
Fundi kasema kweli. Nina 400. Muuzaji aliniapia mkanda ni mpya, ukanikatikia nikikaribia Lamadi. Injini inanguruma, tairi halizunguki. Nikapakia kwenye kirikuu mpaka Mwanza, halafu wiki tatu nikisubiri spea. Mnyororo wa Boxer ungebadilishwa palepale chini ya mti kabla chai haijapoa.

Hata hivyo siiachi. Nafanya kazi kwa sketi, miguu inakaa mbele bila matope, na foleni ya asubuhi haina klachi ya kuchosha mkono. Kaka, kwako lami inaishia wapi?

Mkazi wa Buhongwa
Dada, inaishia kama mita 400 kabla ya nyumba. Baada ya hapo ni mawe na mfereji wa maji ya mvua.

Mama Kirumba
Basi 650 iache. Njoo Jumamosi uijaribu yangu kwenye hiyo njia.

Mkazi wa Buhongwa
Mrejesho, wakuu. Dada kanipa 400 asubuhi, Mungu ambariki. Kwenye lami nilitabasamu njia nzima. Kwenye mawe tairi zake ndogo ziliingia kila shimo ambalo tairi ya inchi 17 ya Boxer inaruka, na tumbo liligusa jiwe mara mbili. Nilisikia mkwaruzo, moyo ukaniuma.

Nimeongea na jirani mwenye duka pale lami inapoishia; ana banda lenye kufuli. Nachukua 400, italala kwake, na hizo mita 400 nitatembea. Boxer siiuzi. Fundi, Jumatatu nitakuletea picha za kava likiwa wazi kabla sijalipa.